Waliopisha Mradi Walikwenda Wapi?

Kila bwawa kubwa linapotangazwa, lugha ya maofisini hutuletea neno moja la upole: kupisha. Wananchi "watapisha mradi". Ni neno la adabu. Unampisha mzee njiani, unampisha mwenye mzigo mlangoni, naye akishapita unaendelea na safari yako. Ndiyo maana linanisumbua kila ninapolikuta katika habari za mabwawa. Aliyempisha mzee, njia yake ipo palepale. Aliyepisha bwawa, njia yake imelala chini ya maji pamoja na shamba, kisima na kaburi la mama yake.

Nimefuatilia mabishano ya mabwawa kwa muda mrefu, na karibu kila mara watu hupangwa mafungu mawili: wapenda maendeleo na wapinga maendeleo. Anayeuliza swali husukumiwa fungu la pili kabla hajamaliza kuuliza. Naona mpangilio huo unawaonea watu. Wengi wanaolitilia shaka bwawa jipya hawana ugomvi wowote na umeme. Wanachofanya ni kukumbuka. Wanajua waliopisha mradi uliopita walikwenda wapi na wakaishije huko, na kumbukumbu hiyo ni ushahidi unaostahili kuwekwa mezani pamoja na michoro ya wahandisi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hakuna mwenye akili anayemcheka.

Tuanze na Kariba, kwenye mto Zambezi, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe za leo. Ukuta wake, wenye kimo cha mita 128, ulijengwa kati ya mwaka 1955 na 1959, na ziwa lililojitokeza nyuma yake ni miongoni mwa maziwa makubwa kabisa yaliyotengenezwa na binadamu. Maji yalipoanza kupanda, wanyama wakakwama juu ya vilima vilivyogeuka visiwa. Ikaanzishwa operesheni ya kuwaokoa, ikapewa jina la Nuhu. Dunia nzima ikaifuatilia magazetini. Soksi za nailoni za akina mama zilikusanywa na kusukwa kamba, kwa sababu kamba ya kawaida ingemchubua swala akifungwa miguu. Wanyama zaidi ya 6,000 wakavushwa.

Katika bonde hilohilo walikuwa wakiishi Watonga wapatao 57,000. Walilima mara mbili kwa mwaka: mvua zikinyesha walilima juu, na mto ukishuka walipanda kwenye udongo mweusi uliobaki ukingoni. Wao pia walihamishwa. Watu wa chifu Chipepo walipokataa kuondoka, polisi wa serikali ya kikoloni walifyatua risasi katika kijiji cha Chisomo, Septemba 10, 1958, wakaua watu 8. Waliobaki wakapakiwa kwenye malori na kupelekwa Lusitu, kwenye ardhi isiyo na ule udongo wa ukingoni. Hakuna aliyewasukia kamba laini.

Sisemi kwamba swala hakustahili kuokolewa. Ninachosema ni kwamba mtazamo wa umma juu ya bwawa hutegemea kilichoonyeshwa na kilichoachwa nje ya picha. Misri ilipojenga bwawa la juu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, UNESCO iliongoza kampeni ya kimataifa kuyaokoa mahekalu ya kale. Lile la Abu Simbel lilikatwa vipande, likapandishwa mita 60 na zaidi, likajengwa upya likielekea upande uleule, hata jua likaendelea kuingia hadi chumba cha ndani karibu siku zilezile za mwaka. Ni kazi ya kustaajabisha, nami naiheshimu. Hekalu lilibaki kando ya maji. Wanubi wa upande wa Misri, wapatao 50,000, walipelekwa Kom Ombo, mbali na ukingo wa mto uliokuwa maisha yao, na idadi kama hiyo ya Wanubi wa Sudan ikapelekwa Khashm el-Girba, mbali kabisa na Nile. Jiwe lilitunziwa mwelekeo wake wa jua. Watu hawakutunziwa mto wao.

Lazima niwe mkweli kuhusu upande wa pili pia, kwa sababu makala nyingi za kutetea waathirika huuruka. Aswan iliiokoa Misri. Ukame mkali wa miaka ya 1980 ulipoipiga Ethiopia na Sudan, Wamisri walikula kwa maji yaliyokuwa yamehifadhiwa nyuma ya ukuta ule. Umeme ulifika vijijini. Mama anayejifungua usiku kwenye zahanati yenye taa hana haja ya kuhubiriwa uzuri wa mto unaotiririka bila kizuizi, na anayemhubiria akiwa mjini, chini ya taa yake mwenyewe, anapaswa kuona aibu. Nimewasikia wanaharakati wa mbali wakisifu maisha ya kijijini ambayo wao wenyewe wasingeyavumilia wiki moja. Hilo nalo linaharibu mjadala, kwa sababu humpa mtawala sababu rahisi ya kusema kuwa pingamizi lote limetoka nje.

Lakini taa ile haijibu swali la waliohamishwa. Hapo ndipo tunapokwama, kwa kuwa bwawa si mtambo tu. Ni bendera. Gamal Abdel Nasser alitaifisha mfereji wa Suez mwaka 1956 baada ya Marekani kujitoa kugharimia Aswan, na tangu hapo kuligusa bwawa kukawa ni kuigusa nchi. Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India, aliyafananisha mabwawa na mahekalu ya India mpya. Ethiopia ilipoanza ujenzi wa bwawa lake kwenye Nile ya Bluu mwaka 2011, watumishi wa umma walichangia mishahara yao na raia wa kawaida wakanunua hati fungani. Lilipozinduliwa Septemba 2025, likiwa na uwezo wa megawati 5,150, shangwe ile haikuwa ya kuigiza. Ng'ambo ya mpaka, Mmisri ambaye karibu maji yake yote hutoka Nile aliutazama ukuta uleule akaona mkono wa mtu mwingine umeshika bomba la nyumbani kwake.

Fahari hiyo naielewa. Nchi iliyoambiwa kwa miaka mingi kwamba haiwezi ina haki ya kusimama juu ya ukuta wake na kujisifu. Tatizo huanza pale ukuta unapokuwa hekalu, maana ndani ya hekalu swali huwa kufuru. Watu husahau kwamba Nehru huyohuyo, mwaka 1958, alionya juu ya ugonjwa wa kupenda ukubwa kwa ajili ya ukubwa tu. Kauli ya mahekalu ilichongwa katika kumbukumbu ya watu. Ile ya ugonjwa haikubandikwa popote.

Sasa tushuke hadi kijijini, siku ambayo mradi unafika. Hauji na maji. Unakuja na kopo la rangi. Mthamini anashuka kwenye gari na daftari, kijana anamfuata na brashi, na kwenye ukuta wa kila nyumba inaandikwa namba au alama ya msalaba. Wanahesabu miembe, mmoja mmoja, mkubwa na mche kila mmoja kwa bei yake. Wanapima chumba kwa hatua na utepe. Wanauliza kaburi ni la nani. Mwishoni wanatangaza tarehe ya ukomo: chochote kitakachojengwa au kupandwa baada ya siku hiyo hakitalipwa.

Kuanzia hapo kijiji kinaanza kufa kikiwa kikavu. Nani atapaua upya nyumba yenye alama? Nani atapanda mnazi utakaozaa baada ya miaka sita? Halmashauri haipeleki darasa jipya mahali patakapofunikwa, barabara haichongwi, mganga aliyeomba uhamisho haletewi mbadala. Vijana wanaondoka. Mkopeshaji anakataa kupokea shamba kama dhamana. Mwaka unapita, miwili, mitano, na hakuna anayerudi kusema lolote. Madhara haya hayamo kwenye hesabu yoyote ya fidia niliyowahi kuisoma, kwa sababu fidia huanza kuhesabu siku ya kuhama, na kijiji kimeanza kuumia tangu siku ya tangazo.

Kusubiri huko kunaweza kuwa kurefu kuliko umri wa mtu. Nehru aliweka jiwe la msingi la mradi wa mto Narmada, ulioitwa baadaye Sardar Sarovar, mwaka 1961. Bwawa lilizinduliwa rasmi Septemba 2017. Miaka 56. Katikati ya miaka hiyo ndipo lilipoibuka vuguvugu la kuokoa Narmada, Medha Patkar akiwa sauti yake inayojulikana zaidi. Wanakijiji walisimama ndani ya maji yaliyokuwa yakipanda na kukataa kutoka. Benki ya Dunia, iliyokuwa ikikopesha mradi, ililazimika kuunda tume huru, na tume hiyo ikaeleza mwaka 1992 kwamba mipango ya kuwahamisha watu na kulinda mazingira ilikuwa na kasoro kubwa. Mwaka uliofuata mkopo ukakatishwa. Serikali ikaendelea kwa fedha zake, na mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya India ikaruhusu ukuta uendelee kupanda.

Kiini cha mvutano wa Narmada kilikuwa swali linaloonekana dogo: nani ahesabiwe? Mwenye hati ya shamba alihesabiwa. Lakini je, mtu wa kabila la milimani ambaye babu yake alilima pale bila karatasi? Kibarua asiye na ardhi, aliyeishi kwa kuvuna mashamba ya wenzake? Mvuvi? Aliyechukuliwa shamba na mfereji wala si na ziwa? Kila jibu la "huyu hahusiki" linapunguza gharama ya mradi kwenye karatasi, na kila jibu la namna hiyo linamwacha mtu halisi barabarani na vyungu vyake. Ndiyo maana takwimu za waliohamishwa hazilingani popote duniani. Tume ya Dunia ya Mabwawa, iliyotoa ripoti yake Novemba 2000, ilikadiria kuwa mabwawa makubwa yamewaondoa watu kati ya milioni 40 na milioni 80 makwao. Hebu uitazame nafasi iliyopo kati ya namba hizo mbili. Watu milioni 40 ambao hatuna hakika kama walikuwepo, katika hesabu za serikali ambazo ziliweza kuhesabu mifuko ya saruji. Asiyekuwepo na lake halipo.

Neno fidia lenyewe lina historia. Katika Kiswahili cha zamani lilikuwa ni malipo ya kumkomboa mateka. Ukishalipa fidia, mtu wako anarudishwa nyumbani. Leo tunalitumia kwa malipo ambayo baada yake hakuna kinachorudi. Najua lugha hubadilika, na sina nia ya kuirudisha nyuma. Ila nadhani neno hilo limebaki na harufu ya maana yake ya kwanza, kiasi kwamba msikilizaji wa mbali akisikia "wamelipwa fidia" huona jambo limekwisha na mateka kaachiwa. Fedha taslimu mkononi mwa familia iliyoishi kwa ardhi huisha haraka: ndugu wanaomba, ardhi ya jirani imepanda bei kwa sababu wote wanatafuta kwa pamoja, na mwenye jina kwenye hundi mara nyingi ni baba, wakati shamba lililozama lilikuwa la mama. Anayewalaumu kwamba wametapanya hela awaulize kwanza walipewa nini kingine cha kuchagua.

Nao waliohamishwa ni sehemu tu ya walioguswa. Kuna watu wa chini ya bwawa, ambao hakuna mthamini aliyewahi kupaka rangi milangoni pao. Nchini Ghana, kabla ya bwawa la Akosombo kukamilika mwaka 1965, wanawake wa sehemu za chini za mto Volta walikuwa na uchumi wao: walipiga mbizi na kuokota chaza wa maji baridi mchangani, wakauza. Chaza yule alitegemea kupanda na kushuka kwa mto na mahali ambapo maji ya chumvi hukutana na matamu. Bwawa liliusawazisha mto, na chaza akatoweka katika maeneo mengi waliyokuwa wakimvuna. Nyumba zao hazikuzama, kwa hiyo hawakuwa "waathirika". Kwenye ukingo wa ziwa jipya, kwa upande mwingine, konokono wa kichocho walipata makazi mazuri, na ugonjwa ukaenea kwa watoto waliooga humo. Watu wapatao 80,000 walipangiwa miji mipya 52, na mingi kati ya miji hiyo ilikaa gizani kwa miongo kadhaa, huku sehemu kubwa ya umeme wa bwawa ikienda kwenye kiwanda cha kuyeyusha aluminiamu.

Bwawa pia hubadilisha maana ya mafuriko. Hili naona halizungumzwi vya kutosha, ingawa ndilo linaloeleza hasira nyingi. Mafuriko ya mto usiozibwa ni ya Mungu; watu huyalilia, huyashukuru kwa rutuba, huyapigia hesabu. Mto ukishawekewa mageti, mafuriko yanakuwa na mwenye ufunguo. Mwaka 2023, mwezi Septemba na Oktoba, maji yalipofunguliwa kutoka Akosombo ili kuunusuru ukuta, watu zaidi ya 26,000 waliyakimbia makazi yao. Kihandisi, uamuzi wa kufungua unaweza kuwa ulikuwa wa lazima kabisa. Lakini mtu aliyeamshwa na maji kitandani hakusombwa na mvua peke yake. Alisombwa na mvua pamoja na uamuzi wa mtu aliyekaa ofisini.

Rufiji ilipofurika mwezi Aprili 2024, mwaka ule ule mitambo ya kwanza ya bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuzalisha umeme, mabishano yalikuwa yaleyale. Wapo wakazi walioamini kwamba yaliyowafika ni maji ya bwawani. Serikali na wasimamizi wa bwawa walieleza kuwa bonde hilo limekuwa likifurika tangu kale na kwamba bwawa limepunguza makali. Mimi sitaki kuamua kesi hiyo kwa kupiga kelele. Naona tu kwamba bonde hilo lina wakulima wanaojua mafuriko kuliko mtu yeyote, waliojenga kilimo kizima, mlau, juu ya maji yanayokuja na kuondoka. Na watu wa aina hiyo huaminishwa kwa vipimo vya kila siku vya maji yaliyoingia na yaliyotoka, vilivyobandikwa ofisi ya kijiji mapema, kwa lugha yao. Maelezo yanayofika baada ya mafuriko, hata yakiwa ya kweli tupu, husikika kama kujitetea. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Na sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika: namna shaka inavyogeuzwa kosa.

Kaskazini-mashariki mwa Italia kuna bonde la Vajont. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ulijengwa hapo ukuta wa zege wa zaidi ya mita 260, mmoja wa mirefu kabisa duniani wakati huo. Wenyeji wa kijiji cha Erto waliuogopa mlima Toc, unaoinamia bonde. Walisema unatembea. Mwandishi wa habari Tina Merlin aliandika hofu zao gazetini. Akashtakiwa kwa kueneza habari za uongo zenye kuvuruga utulivu wa umma. Mwaka 1960 mahakama ilimwachia huru, na Novemba ya mwaka huohuo kipande cha mlima kikaporomoka ziwani, huku juu ya mteremko ukifunguka ufa wenye umbo la herufi M, wenye urefu wa karibu kilomita 2. Mtu aliyezoea kupita hapo na ng'ombe aliweza kuusimamia na kuutazama kwa macho yake. Wataalamu nao waliupima, wakaona mlima unasogea, na ziwa likaendelea kujazwa na kushushwa kwa zamu kana kwamba mlima ungeweza kufundishwa kusogea polepole.

Usiku wa Oktoba 9, 1963 ubavu wote uliporomoka, zaidi ya mita za ujazo milioni 260 za mwamba na udongo, kwa muda usiofika dakika moja. Maji yaliruka juu ya ukuta na kushukia mji wa Longarone. Watu karibu 2,000 walikufa.

Ukuta haukubomoka. Umesimama mpaka leo, nyuma yake umejaa mlima. Wahandisi walikuwa wamepiga hesabu ya ukuta, na hesabu ile ilikuwa sahihi. Wanakijiji walikuwa wakizungumzia mlima. Kila ninaposoma kwamba wananchi fulani "hawajaelimishwa vya kutosha" kuhusu mradi, nakumbuka Erto, na najiuliza wale wananchi wanazungumzia mlima gani ambao mchoro hauna.

Merlin alikuwa na bahati ya mahakama. Nchini China, mwandishi Dai Qing alikusanya katika kitabu hoja za wanasayansi waliolitilia shaka bwawa la Mabonde Matatu kwenye mto Yangtze. Kitabu kikapigwa marufuku na yeye akakaa gerezani miezi 10. Hata hivyo, hoja zilikuwa zimeshapenya: bunge lilipopiga kura Aprili 1992, wajumbe 1,767 waliunga mkono, 177 walikataa na 664 hawakuegemea upande wowote. Katika bunge lililozoea kuitikia kwa pamoja, karibu theluthi ilisita. Bwawa lilijengwa, watu zaidi ya milioni 1.2 wakahama. Ufilipino, mzee wa Kikalinga Macli-ing Dulag, aliyeongoza upinzani dhidi ya mabwawa ya mto Chico, aliuawa na wanajeshi Aprili 1980. Mradi ule haukujengwa. Guatemala ilikuwa mbaya zaidi. Wakazi wa Río Negro waliokataa kupisha bwawa la Chixoy waliuawa mwaka 1982 katika mfululizo wa mauaji, na Machi 13 pekee waliuawa wanawake 70 na watoto 107. Serikali ya nchi hiyo ilikubali kulipa fidia mwaka 2014, miaka 32 baadaye.

Si haki kuweka kila bwawa kundi moja na Chixoy, nami sifanyi hivyo. Ninayaweka hapa kwa sababu anayeyasikia mambo haya mahali pengine hujifunza kitu kuhusu bei ya kuuliza. Akinyamaza kwenye mkutano wa hadhara, afisa huandika kwamba wananchi wameupokea mradi kwa mikono miwili.

Je, kuna njia nyingine? Ipo, na haihitaji miujiza. Norway, nchi ambayo sehemu kubwa sana ya umeme wake hutoka kwenye maji, ina sheria za tangu mwanzoni mwa karne iliyopita zinazoipa halmashauri yenye maporomoko haki ya sehemu ya umeme unaozalishwa, hadi asilimia 10, kwa bei nafuu. Bonde lenyewe linakuwa na hisa katika mto wake, mwaka hadi mwaka, badala ya kulipwa mara moja na kusahauliwa. Huko British Columbia, Kanada, wakazi wa bonde la Columbia waliozamishiwa ardhi yao katika miaka ya 1960 walidai mpaka mwaka 1995 ukaundwa mfuko wa bonde lao, wenye mtaji utokanao na umeme uleule. Walichelewa miaka 30, lakini walipata kitu ambacho mthamini hana safu yake kwenye daftari: kuwa sehemu ya mradi.

Ile Tume ya Dunia ya Mabwawa, chini ya Kader Asmal wa Afrika Kusini, iliwakutanisha kwenye meza moja Medha Patkar na mkuu wa kampuni kubwa ya mitambo ya umeme. Walikubaliana kwamba mabwawa yamechangia sana maendeleo na kwamba mara nyingi mno bei iliyolipwa, hasa na waliohamishwa, haikukubalika wala haikuwa ya lazima. Walipendekeza kila mwenye haki itakayoguswa na kila anayebebeshwa hatari awe na sauti kabla ya uamuzi. Serikali kadhaa zenye mabwawa mengi zilikataa mapendekezo hayo, na wakopeshaji wakubwa wakayapokea kwa shingo upande. Inasikitisha, kwa sababu kuharakisha hakujaokoa fedha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichunguza mabwawa 245 na kuchapisha matokeo mwaka 2014: gharama halisi zilizidi makadirio kwa wastani wa asilimia 96. Waliokuwa na haraka ya kuwapuuza wanakijiji hawakuwa na haraka ya kuhesabu sawasawa.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa yeyote anayetaka kunishawishi juu ya bwawa jipya, na naliomba kwa dhati. Kabla ya kuleta mchoro wa ukuta, leteni orodha ya waliopisha bwawa lililotangulia. Wanaishi wapi sasa? Wanalima nini? Nyumbani kwao kuna taa? Watoto wao wanasema nini kuhusu ahadi walizopewa wazazi wao? Orodha hiyo ikiwa nzuri, wasiwasi mwingi utaisha bila semina hata moja. Isipokuwepo kabisa, basi tayari tumeshaambiwa tutakavyohesabiwa.

Kariba yenyewe imerudi kwenye habari siku hizi kwa sababu nyingine. Ukame umelishusha ziwa mara kwa mara; mwishoni mwa 2022 maji yanayoweza kuzalisha umeme yalikuwa yamebaki kidogo sana hata mitambo ya upande wa Zimbabwe ikaamriwa isimame, na mwaka 2024 Zambia na Zimbabwe zikakaa gizani saa nyingi kila siku. Magazeti yalipiga picha ukuta ukiwa na mstari mweupe juu kuonyesha maji yalipokuwa yakifika. Katika bonde la Gwembe, kando ya Kariba, ziwa linaposhuka hivyo, Watonga hulifuata chini na majembe. Wanapanda mahindi kwenye tope lililoachwa, safu kwa safu kuelekea majini, kama babu zao walivyoufuata mto. Ardhi hiyo hawana hati nayo, na maji yakirudi kabla ya mavuno hakuna atakayewalipa.